Shaba ya Gereji

"Hii haichuji?"

Hilo ndilo swali la kwanza. Mteja akishaiokota bangili mezani, iwe Mwanjelwa jijini Mbeya au Miyomboni pale Iringa mjini, huigeuza, huisugua kwa kidole gumba, kisha huuliza. Bei huja baadaye. Muuzaji naye hajiumi: "Haichuji, dada, hii ni shaba tupu." Hapo amesema mambo mawili yasiyopatana, kwa maana shaba tupu huchuja, na huchuja upesi.

Sura hii ni kwa ajili ya mtu anayetaka kulijibu swali hilo bila kudanganya: anayetaka kutengeneza bangili, pete na vidani kwa mabaki ya gereji, na pengine kujaribu kupika bronzi yake mwenyewe kwa mkaa. Wengi hudhani kazi kubwa iko kwenye moto. Moto unafundishika kwa wiki chache. Kinachomtofautisha fundi na mbabaishaji ni kujua alichokitia motoni.

Kijani kinatoka wapi

Shaba nyekundu, ile iliyomo ndani ya waya wa umeme na ambayo wanunuzi wa skrepa huiita kopa, ni metali, yaani iko katika jamii moja na chuma, fedha na dhahabu. Jasho lina chumvi na asidi kidogo. Vikikutana na shaba, juu yake hujengeka utando wa kijani, na utando huo huhamia kwenye ngozi. Kwa watu wengi hauna madhara, sabuni huutoa. Mtu mmoja huvaa bangili ya kopa mwezi mzima bila alama, mwenzake hupata mstari wa kijani kabla ya adhuhuri. Muuzaji anayesema "inategemea ngozi yako" hakwepi swali.

Shaba ikichanganywa na metali nyingine, tabia hubadilika. Ikichanganywa na zinki tunapata brasi, ile ya njano ya kufuli na koki za maji. Ikichanganywa na bati tunapata bronzi. Bati ninalolisema hapa si la kuezekea nyumba. Lile ni chuma kilichopakwa zinki. Hili ni metali nyeupe laini inayoyeyuka kwa nyuzi 232 tu, na hapa nchini huchimbwa Kyerwa, mkoani Kagera. Bronzi nayo huchuja, ila huchukua muda, na mara nyingi huelekea kwenye rangi ya kahawia. Ni ngumu kuliko kopa, kwa hiyo pete yake haipindi ovyo. Ikiyeyushwa hutiririka vizuri na kuingia kwenye pembe ndogo za kalibu, yaani umbo la mchanga au udongo linaloipokea metali ya moto. Ndiyo maana imekuwa ikimiminwa kwenye kalibu tangu zama za kale.

Utajiri unaopita barabarani

Simama Uyole jijini Mbeya, au Ipogolo pale Iringa, kwa saa moja uangalie malori yanayotoka Tunduma. Mengi yamebeba bamba za shaba safi kutoka Zambia na Katanga, zimefungwa kwa mikanda, zinaelekea bandari ya Dar es Salaam. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilijengwa kwa sababu hiyohiyo: Zambia ilihitaji njia ya kupitishia shaba yake bila kuwategemea walowezi wa kusini. Nusu karne sasa shaba inapita mlangoni mwa Mbeya.

Inapita tu. Ikifika ng'ambo hugeuzwa waya, mota, redieta na koki. Hurudi madukani kwetu, hutumika, huungua, hutupwa. Fundi wa Mbeya huipata mwisho wa safari hiyo, ikiwa imechanganyika na vitu vingine na haina cheti chochote cha kuonyesha imetengenezwa na nini.

Hali hii ina historia ndefu. Karne ya 19, misafara ya kutoka pwani ilibeba bara nyaya nene za shaba zilizoitwa masango, zikiwa sehemu ya fedha ya biashara pamoja na shanga na vitambaa. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unyamwezi mwaka 1857, aliandika jinsi nyaya hizo zilivyosokotwa kuwa vitindi, bangili ndefu za mzunguko zilizofunika mkono, na jinsi nyaya nyembamba zilivyozungushwa juu ya unywele wa mkia wa mnyama kuwa sambo za miguuni. Upande wa Rungwe na Kyela, Wanyakyusa walivaa pete nzito za shaba kiunoni. Shaba hiyo ya biashara ilitoka ng'ambo kwa meli, ikafuliwa upya na mafundi wa huku. Kwa chuma ilikuwa tofauti: Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuru marefu ya udongo, na wahunzi wa Ukinga waliwauzia majirani majembe na mikuki. Chuma tulichimba wenyewe. Shaba, kwa nyanda hizi, kwa sehemu kubwa ilikuwa mgeni aliyekaribishwa na kubadilishwa nguo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Tabora. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walikuwa wamezingirwa na hawakuweza kuleta sarafu kutoka kwao. Wakazitengeneza katika karakana ya reli. Sarafu za heller 5 na heller 20 ziligongwa kwa brasi na shaba za mabaki, yakiwamo maganda ya risasi. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo upande mmoja, ilitumia dhahabu ya Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini. Sarafu hizo leo zinatafutwa na wakusanyaji wa dunia nzima, na ukiangalia zile za shaba kwa karibu utaona uso wake una vijishimo na rangi haifanani kutoka moja hadi nyingine. Skrepa huwa hivyo.

Kusoma skrepa

Kwenye yadi ya vyuma chakavu kuna mizani, magunia na mtu anayejua bei kuliko anavyojua metali. Kopa ina bei yake, brasi bei yake, aluminiamu bei yake. Mgawanyo huo unamtosha mnunuzi wa tani. Fundi wa vito haumtoshi. Haya ndiyo mambo yanayopatikana, na ninavyoyaona:

- *Waya wa umeme wa majumbani.* Kopa safi kabisa. Menya plastiki kwa kisu. Usiichome: moshi wa plastiki hiyo ni sumu kwako na kwa jirani, na shaba hutoka ikiwa nyeusi.
- *Mota na altaneta zilizoungua.* Kopa nzuri pia, ila waya umepakwa vanishi. Vanishi huungua motoni na kuacha taka juu. Ziondoe kabla ya kumimina.
- *Redieta za zamani.* Mapezi ya kopa, matangi ya brasi, na maungio yote yamelehemiwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi. Ziache.
- *Koki na kufuli.* Brasi. Nyingi zimetiwa risasi kidogo makusudi ili zikereze vizuri kiwandani.
- *Bushi za malori.* Bronzi iliyokwisha kupikwa. Hizi zina mazungumzo yake, yanakuja.

Vipimo vya kuanzia ni vitatu, na havihitaji mashine. Cha kwanza ni sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio: ikinata, ndani kuna chuma, hata kama juu kunang'aa njano. Cha pili ni tupa. Kwangua mahali pamoja mpaka uchafu uishe, kisha tazama rangi juani na si chini ya taa: kopa ni ya waridi, brasi ni njano kama ndizi mbivu, bronzi iko katikati, njano yenye wekundu. Cha tatu ni moto. Brasi ikipashwa sana hutoa moshi mweupe mzito, kwa sababu zinki huchemka kwa nyuzi 907, kabla hata kopa haijayeyuka. Moshi huo usiuvute. Unaleta homa ya usiku mmoja, baridi na mwili kuuma, ambayo wachomeleaji wengi huipata na kudhani ni malaria.

Kuna kipimo cha nne kisichohusu metali: nani kakuuzia. Waya mnene uliokatwa vipande sawasawa, nyaya za simu, vipuri vya reli na mafuta ya transfoma huuzwa kwa sababu mtu kaviiba, na kijiji kizima kimebaki gizani. Nunua kwenye yadi yenye kibali na udai risiti. Sisemi hivi kwa ajili ya dhamiri peke yake; polisi wakija kwako watakuta ushahidi umeshayeyuka, na hutakuwa na namna ya kujitetea.

*Kwa kifupi:* kopa ya waya kwa kila kitu. Koki na kufuli kwa mapambo ya mlango na si ya mwili. Redieta kwa mtu mwingine.

Risasi, adui asiyeonekana

Nimetaja risasi mara kadhaa. Ni metali nzito na laini, na ikiingia mwilini haitoki kirahisi. Huwadhuru watoto kuliko watu wazima, hasa ubongo. Mtu mzima havai bangili mdomoni. Mtoto aliyebebwa mgongoni hunyonya kidani cha mama yake kutwa.

Sasa turudi kwenye bushi. Bushi ni pete nene inayokaa katikati ya vyuma viwili vinavyosuguana, kwa mfano kwenye springi au kingpini ya Fuso. Baadhi hutengenezwa kwa bronzi ya bati yenye fosforasi kidogo. Ni ngumu, haina risasi ya kuhesabika, na ni mali. Nyingine zina bati asilimia 7 na risasi asilimia 7, kwa kuwa risasi hulainisha msuguano. Zote mbili zikikwanguliwa kwa tupa zina rangi inayokaribiana mno. Jicho halitoshi hapa, hata la mzoefu. Fundi anayekuambia anaonja kwa ulimi ni wa kumwonea huruma.

Njia moja ni kupimisha. Wanunuzi wa dhahabu katika masoko ya madini, kama lile la Chunya, hutumia mashine ya eksirei inayoelekezwa kwenye kipande na kutaja kilichomo, asilimia kwa asilimia. Mashine hiyohiyo huiona risasi. Omba kwa adabu siku isiyo na foleni, peleka kipande kimoja kwa kila fungu la bushi, andika jibu kwa rangi juu ya fungu lenyewe.

Njia ya pili ni kupika bronzi mwenyewe kwa kopa ya waya na bati lisilo na risasi. Bati hilo lipo kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki: ni waya wa kulehemia. Ila soma kibandiko cha kigurudumu. Sn ni alama ya bati, Pb ni alama ya risasi. Ukiona Sn60Pb40, mtu anakuuzia gramu 40 za risasi katika kila gramu 100. Unachotaka ni Sn99.3Cu0.7, yaani bati karibu tupu na shaba kidogo. Ni ghali zaidi. Lakini kwa bronzi ya kawaida unahitaji sehemu moja tu ya bati kwa sehemu tisa za kopa: gramu 100 kwa gramu 900, na kilo hiyo hutoa pete nyingi. Ukizidisha bati mpaka asilimia 20 na kitu unapata bronzi ya kengele, yenye sauti nzuri na inayovunjika ikianguka kwenye sakafu ya saruji.

Wapo pia wanaopata muwasho na vipele kwa sababu ya nikeli, metali nyeupe inayotiwa kwenye hereni za bei rahisi. Mkoa jirani wa Songwe una kipande kikubwa chenye nikeli: kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16, chuma kwa asilimia 90 hivi na nikeli kama 8. Hicho ni urithi wa taifa na kimezungushiwa uzio, kwa hiyo tukiache kilipo. Kwa kulabu za hereni, zinazopita kwenye nyama, nunua waya wa fedha halisi. Usitumie skrepa ya aina yoyote hapo, hata uliyoipima.

Moto wa mkaa kwenye nyanda za juu

Kopa huyeyuka kwa nyuzi 1,085. Bronzi ya asilimia 10 huwa maji kamili kwa takriban nyuzi 1,000, ila ili iweze kujaza kalibu unaihitaji karibu na 1,100 au zaidi. Mkaa mgumu wa miti ya miombo unafika huko ukipulizwa. Mkaa wa msindano, uliozagaa Mufindi kwa sababu ya shamba la miti la Sao Hill, ni mwepesi na huisha kabla hujageuka.

Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, Iringa mita 1,500 na kitu. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kadiri ya moja ya sita, maana yake kila pumzi ya kipulizio inaleta oksijeni pungufu. Maelekezo yaliyoandikwa na mtu wa pwani hayatakufaa neno kwa neno. Feni ya hita ya gari inayotumia betri ya volti 12 inatosha. Fungua hewa zaidi, na uongeze kimo cha mkaa juu ya chungu.

Chungu cha kuyeyushia nacho si chungu chochote. Vyungu vya Wakisi wa Matema ni hodari jikoni, lakini kwenye nyuzi 1,100 ni hatari. Kinachotakiwa ni kile cha grafiti wanachotumia wachimbaji na wanunuzi wa dhahabu. Chunya na Mbeya vinauzwa pamoja na boraksi, unga mweupe unaokusanya uchafu juu ya metali iliyoyeyuka.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Kopa kwanza, mpaka iwe maji. Kisha nyunyiza boraksi kidogo. Bati liingie mwisho, likiwa limepashwa pembeni, ukoroge kwa kijiti cha kaboni kilichokwisha kupata moto. Ukitanguliza bati, sehemu yake itaungua na kuwa majivu meupe, na hesabu yako ya moja kwa tisa imevurugika.

Ninachokisisitiza kuliko vyote ni maji. Tone moja likinaswa chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kuirusha metali hewani. Mvua za huku huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na miezi hiyo mkaa, mchanga na hata sakafu ya udongo hunyonya unyevu. Juni na Julai, Mbeya inapoganda kwa baridi na wenyeji kujifunika mablanketi, ndio msimu wa kusubu, yaani kumimina metali kwenye kalibu. Vaa viatu vya ngozi, suruali inayofunika viatu kwa nje, na miwani. Raba za plastiki huyeyukia mguuni.

Mchanga au nta

Wanaosubu sufuria za aluminiamu wanaijua kalibu ya mchanga, na kwa kuanzia hakuna bora zaidi. Mchanga laini uliochekechwa, udongo wa mfinyanzi uliosagwa, maji kidogo sana. Finya konzi moja: ukifungua kiganja donge libaki na alama za vidole, na ukilivunja likatike safi bila kumomonyoka. Likinata kwenye ngozi, lina maji mengi mno.

Chonga pete yako kwa mbao laini. Ishindilie nusu kwenye fremu ya kwanza, nyunyiza unga wa mkaa ili fremu ya pili isishikane nayo, shindilia ya pili, zitenganishe, toa mbao. Toboa tundu la kumiminia, na ulifanye pana kuliko unavyodhani. Bronzi ikipoa husinyaa na hutafuta metali ya kujazia. Isipoipata kwenye tundu itaivuta kutoka kwenye pete, na utakuta shimo pale hasa palipotakiwa kung'aa. Mimina bila kusita. Ukikatisha hata kidogo, mimino miwili haitashikana na pete itakatika siku mteja anapoijaribu.

Kwa nakshi ndogo, mchanga haufai. Hapo ndipo nta inapoingia. Unaumba pete kwa nta ya nyuki, unaivika udongo laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, unaukausha siku kadhaa, kisha unaupasha mpaka nta itoke na kuacha nafasi tupu. Samadi huungua na kuacha vitundu vya kupitishia hewa. Mafundi wa Igbo-Ukwu, Nigeria, walisubu bronzi za ajabu kwa namna hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na kwetu pwani ipo siwa ya Lamu, baragumu kubwa la shaba lenye nakshi, lililosubiwa kwa nta na kuhifadhiwa katika makumbusho ya mji huo. Ubaya wake ni kwamba kila umbo la nta hutumika mara moja tu. Kalibu ikipasuka, unaanza upya kwenye nta.

Wasiotaka moto mkubwa

Si lazima kuyeyusha. Vitindi vya zamani vilikuwa waya uliozungushwa, na kazi hiyo bado inauza. Kopa ina tabia moja inayosaidia: ukiipiga nyundo au kuikunja huwa ngumu, na ukiipasha mpaka iwe nyekundu hafifu inarudi laini. Kwa hiyo unakunja, unapasha, unakunja tena. Kipande cha bomba, nyundo, koleo, tupa na msasa wa namba tatu tofauti vinatosha kufungua meza. Mwisho paka nta ya nyuki juu ya bangili yenye uvuguvugu na uisugue kwa kitambaa. Itachelewesha kijani kwa wiki kadhaa. Mteja mwambie airudie nyumbani, na akitaka ing'ae tena, limau na chumvi.

Kuuza bila kudanganya

Kituo cha Neema Crafts cha Iringa, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kilianza na vijana viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, kisha kikapanuka hadi shanga na mapambo mengine. Watu wangeweza kuficha chanzo cha karatasi hiyo. Wao walikitangaza, na ndicho kilichoiuza. Fundi wa skrepa angefanya vivyo hivyo. Kibandiko kidogo kiandikwe: kopa ya waya wa mota, bronzi ya nyumbani, haina risasi, itabadilika rangi.

Bei ipange kwa saa za kazi. Gramu 20 za kopa ni pesa ndogo sana, na mteja wa Mbeya anayejua bei ya skrepa atakwambia hivyo mbele ya watu. Mjibu kwa kumwonyesha tupa.

Wengi wa wanaokwama sokoni wana pete nzuri walizoziuza kwa bei ya kilo. Wengine waliziita dhahabu ya Chunya, na baada ya wiki tatu wakasubiriwa na mteja mwenye kidole cha kijani. Muuzaji huyo wa pili hana pa kukimbilia. Soko la Mwanjelwa ni kubwa, lakini habari za meza yake zitafika Uyole kabla yake.